Bolti za manifoldi kwenye gari ya kompresa: kisa cha C200 iliyokazwa "mpaka ikubali"

Gari yenyewe ni Mercedes C200 Kompressor, yaani ina kompresa, pampu inayosukuma hewa kwenda kwenye injini, ile W203, injini ya M271, silinda nne, cc 1796, imetokea Japani kama zilivyo nyingi hapa Dar. Ilikuja na malalamiko ambayo mwenye gari aliyaona kama magonjwa matatu tofauti. Ikiwa kwenye sailensa, yaani imewashwa hujakanyaga mafuta, inatetemeka na mshale wa RPM unapanda unashuka. Taa ya injini inawaka, ikifutwa inarudi. Na mlimani haina nguvu, Kitonga ilimshusha gia mpaka ya pili na bado haivuti, halafu kila akikanyaga mafuta kuna sauti ya ssss inatoka mbele. Mwishoni kabisa akataja kitu kingine kama kidogo tu, kwamba akimaliza kupanda mlima moshi unanuka petroli mbichi. Kwangu mimi hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa taarifa nzito kuliko zote.

Historia yake ilikuwa hivi. Miezi kadhaa nyuma gari ilikuwa na mpira wa kupumulia uliopasuka, ile mipira inayotoa hewa ya mafuta kwenye bloku na kuirudisha kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Kwenye M271 mipira hii inajulikana, inakaa kwenye joto, inakauka, inachanika, na ule wa chini huwezi kuufikia vizuri bila kutoa manifoldi ya kuingizia hewa. Kuna gereji ikatoa manifoldi, ikabadilisha mpira, ikarudisha. Kazi ya mpira ilikuwa sahihi kabisa, niseme hivyo kwa haki, mpira ulikuwa mpya na umekaa vizuri. Shida ilianza baada ya hapo, taa ikawaka na kodi, yaani namba ya hitilafu, ikasoma P0171, mchanganyiko mwembamba, petroli kidogo kuliko hewa, ndipo wakambadilishia sensa ya hewa, haikusaidia, wakambadilishia sensa ya oksijeni, haikusaidia pia.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "hizo sensa za zamani unazo?"

"Marahaba. Zipo kwenye buti, waliniambia zimekufa."

"Zitunze mzee, usizitupe kwanza."

Maana hapo tayari kulikuwa na picha. Sensa ikifa inadanganya kwa namna moja, inasoma chini au inasoma juu au inaganda. Hii gari ilikuwa na tabia mbili zinazopingana, kwenye sailensa kompyuta inalalamika petroli haitoshi, kwenye mlima petroli inazidi mpaka inanuka. Kitu kimoja kinachoweza kukupa yote mawili kwenye gari ya kompresa ni tundu, na lazima liwe tundu lililopo baada ya kipepeo cha hewa, kile kifuniko kinachofunguka ukikanyaga mafuta.

Hapa nikae kidogo kwa sababu ndiyo sehemu mafundi wengi wanaotoka kwenye injini za kawaida wanapotea. Kwenye gari isiyo na kompresa manifoldi muda wote iko kwenye mvuto, hewa inataka kuingia ndani tu, kwa hiyo tundu lolote linaleta hewa ya ziada na basi. Ukiweka kompresa maisha ya manifoldi yanabadilika. Kwenye sailensa kipepeo kimefunga, ndani kuna mvuto, presha inaweza kushuka mpaka karibu 0.4 bar wakati nje ni 1 bar, hewa inanyonywa kupitia tundu. Ukikanyaga mafuta kipepeo kinafunguka, kompresa inasukuma, presha ndani inazidi ya nje, na tundu lile lile sasa linatema hewa badala ya kunyonya. Sasa kumbuka sensa ya kupima hewa iko mbele huko, kabla ya kompresa. Kwenye sailensa inapima kidogo kuliko kilichoingia, kompyuta inaona oksijeni imezidi, inaongeza petroli. Kwenye mlima sensa imepima hewa nyingi, kompyuta imetoa petroli ya hewa ile yote, lakini sehemu ya hewa imeshatoka kwa pembeni na ile ssss, haikufika kwenye silinda. Petroli inabaki haina wa kuungua naye. Ndiyo harufu ile.

Kwa hiyo kabla hujagusa spana, chomeka mashine usome fueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa hali mbili. Hii gari kwenye sailensa ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 20 hivi, ukipandisha RPM mpaka 2500 imesimama inashuka kwenye 6 au 7, na barabarani ikibeba mzigo wa kati, kompresa inaanza kusukuma, namba inavuka sifuri inaenda hasi. Kushuka ukipandisha RPM ni kwa sababu tundu halijakua ila hewa yote ya injini imeongezeka, uwiano wake unakuwa mdogo. Kuvuka kwenda hasi ndiyo saini yenyewe. Sensa ya hewa ikiwa chafu mara nyingi utaona kinyume, sailensa siyo mbaya sana na mzigo ukiongezeka ndiyo inaongeza petroli zaidi. Tahadhari moja, ukikanyaga mpaka chini kompyuta nyingi zinaacha kusahihisha kwa sensa ya oksijeni, trimu inaganda, kwa hiyo usome kwenye mzigo wa kati siyo kwenye kukanyaga mwisho.

Na ujue gari yako inapimaje hewa. Mini Cooper S ya R53 kwa mfano, nayo ina kompresa ya Eaton, lakini inahesabu hewa kwa presha ya manifoldi, haina sensa ya kupima hewa inayopita. Pale tundu haliwezi kukupa hii saini, kwa sababu hewa ya tundu nayo inaonekana kwenye presha na inapewa petroli yake, utaona zaidi sailensa imepanda au imekosa utulivu. Ukitumia kanuni ya Mercedes kwenye Mini utahangaika bure.

Baada ya hapo ni moshi, unauingiza ndani ya manifoldi uone unatokea wapi. Mashine ya moshi kwa presha ndogo sana, chini ya 0.1 bar, inatosha, na tukaona moshi unachuruzika sehemu mbili kwenye mstari wa manifoldi na silinda hedi, mmoja pembeni ya silinda ya mwisho nyuma, mwingine katikati. Najua kuna watu wanapuliza brek klina au kabureta klina injini ikiwa inawaka wanasikiliza kama sauti inabadilika, inafanya kazi ndiyo, lakini unapuliza kitu kinachowaka juu ya manifoldi ya ekzosi yenye moto. Gari zimeungua hivi. Kama huna mashine ya moshi tumia maji ya sabuni, unaziba mdomo wa hewa unaweka presha kidogo kwa kompresa ya tairi yenye regyuleta, unatafuta povu. Ila usipandishe presha, utapasua sili za injini utafute ugonjwa mwingine.

Sasa kufungua. Injini lazima iwe baridi kabisa, siyo vuguvugu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, flenji, yaani ule uso unaobanwa kwa bolti, ya alumini yenye urefu wa sentimita 40 ikipanda nyuzi joto 80 inarefuka kama 0.7 milimita, chuma ingerefuka chini ya 0.4, na plastiki ina tabia zake kabisa. Ukifungua au ukikaza vitu vikiwa vimetanuka tofauti unafanya kazi kwenye umbo ambalo siyo la kweli. Na bolti zinafunguliwa kutoka nje kuja katikati, kila moja robo robo kwanza, siyo unatoa moja mpaka mwisho unahamia nyingine, maana mzigo wote unaangukia zilizobaki na flenji inajikunja.

Tulivyokuwa tunafungua ndiyo hadithi ikajieleza. Bolti za pembeni zote mbili zilikuwa zimekazwa kwa nguvu ya kutisha, zimetoa kile kilio. Ya katikati moja ilikuwa inazunguka tu, haishiki, uzi wa alumini kwenye hedi umekuja na bolti kama waya uliojikunja. Na ile ya chini kwa nyuma, ambayo huioni, unaifikia kwa kupapasa, ilikuwa imeingizwa kwa vidole na kuachwa karibu hivyo hivyo. Gasketi imetoka kwenye njia yake sehemu moja ikabanwa ikakatika, na juu yake pote wamepaka silikoni nyekundu, nyingine imeingia ndani ya poti, yaani njia ya hewa ya kwenda kwenye silinda.

Ukiangalia ushahidi huo unaona mtu alivyofikiri. Alianza pembeni kwa sababu ndizo rahisi kufikia, akakaza moja mpaka mwisho, akaenda ya pili mpaka mwisho. Katikati ya manifoldi ikabaki imeinuka kidogo kama ubao uliobanwa ncha mbili, akijaribu kuivuta chini kwa bolti ya katikati ikabidi atumie nguvu, uzi ukakata. Kisha akaona isiwe shida, silikoni itaziba. Na nyuma ya yote kuna imani ambayo nimeisikia kwa mafundi wengi na hii ndiyo hasa iliyonifanya niandike: "hii ina kompresa, kuna presha ndani, lazima uikaze zaidi ya gari ya kawaida."

Haiko hivyo, na hesabu yake ni ndogo, tuipige hapa hapa. Chukua poti ya upana wa milimita 50 kwa 35. Eneo lake ni 0.00175 mita za mraba. Weka presha ya kompresa nusu bar juu ya presha ya nje, yaani nyutoni 50,000 kwa kila mita ya mraba. Zidisha, unapata nyutoni 87 na kidogo, uzito wa kama kilo 9. Kilo tisa ndiyo presha ya kompresa inavyojaribu kuitoa manifoldi kwenye kila poti. Sasa bolti. Bolti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, ukiikaza kwa torki (nguvu ya kukaza) ya nyutoni-mita 20, kwa kifupi Nm 20, uzi mkavu, inabana kwa nyutoni karibu 12,500, hiyo ni zaidi ya tani moja. Bolti moja tu. Hata M6 kwa Nm 10 inabana karibu kilo 850. Kwa hiyo kompresa inasukuma kwa kilo tisa na bolti zinashika kwa tani na tani, presha haijawahi kuwa tatizo la nguvu ya bolti. Na mvuto wa sailensa tofauti yake na hewa ya nje inafika 0.6 bar, kubwa kuliko busti, yaani presha ya kompresa, ya nusu bar, na ule upo hata kwenye gari isiyo na kompresa.

Kinachovujisha ni mbano usiolingana. Gasketi ya mpira au ya chuma yenye mpira inataka ibanwe kiasi kile kile kwenye mzunguko wote, sehemu moja ikiwa imebanwa kupita kiasi na pembeni yake imelegea, hewa inapita palipolegea na haijali pale pengine una tani ngapi. Tofauti ya gari ya kompresa ni kwamba tundu dogo ambalo kwenye gari ya kawaida lingekusumbua sailensa peke yake, hapa linakusumbua pande zote mbili, linakula nguvu uliyoinunua na linachafua katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, kwa petroli isiyoungua. Kwa hiyo inataka usahihi zaidi. Nguvu zaidi haiitaki.

Na plastiki. Manifoldi za plastiki kwa kawaida ndani ya tundu la bolti zina bushi ya chuma, kazi yake ni kupokea mbano wa bolti ili plastiki isipondeke. Bolti ikifika inakaa kwenye bushi, gasketi inabaki imebanwa kiasi alichopanga aliyeitengeneza. Ukiendelea kukaza hapo gasketi haiongezeki kubanwa hata kidogo, unachovuta sasa ni uzi wa alumini tu. Ndiyo maana wanakata uzi na bado inavuja.

Matengenezo yalianza kwenye usafi, na nilitumia muda mwingi hapa kuliko kwenye kukaza. Kwanza poti zote zizibwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na mdomo wa kutokea hewa kwenye kompresa nao uzibwe, vile vibawa viwili vya ndani vinazunguka vikiwa vimekaribiana mno bila kugusana, kokoto au kipande cha silikoni kikiingia pale umeua kompresa, na kikipita kinaenda kwenye valvu. Hesabu vitambaa ulivyoweka na uandike ukutani ukitaka, ili utoe idadi ile ile. Silikoni ilitolewa kwa kikwaruzo cha plastiki, siyo kwa msasa wala diski ya grainda, diski inachimba alumini na unga wake ni msasa mtupu ukiingia kwenye injini. Kisha rula iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi kwa milimita, juu ya hedi na juu ya flenji ya manifoldi. Hedi ilikuwa sawa. Manifoldi nayo kwa bahati ilikuwa ndani ya kiwango, fila ya 0.10 haikupita popote. Ingepita, mpya, maana plastiki iliyopinda huwezi kuichonga kama hedi.

Uzi uliokatika ulitiwa helikoili, koili ya chuma inayokuwa uzi mpya ndani ya tundu. Kwa bolti ya M8 ya kawaida unatoboa kwa biti ya 8.3, ya M6 ni 6.3, ukishikilia drili wima kabisa, grisi kwenye tepu ikamate chembe, unapitisha tepu ya helikoili yenyewe siyo tepu ya kawaida, unaingiza koili mpaka iwe chini kidogo ya uso, unavunja ulimi wake na unautoa. Usiuache ulimi ndani. Wapo wanaoogopa helikoili wakidhani ni kiraka cha muda, mimi naiamini kwenye alumini kuliko uzi wa asili, koili ya chuma cha pua inasambaza mzigo vizuri na haichoki kwa kufungua na kufunga. Ninachokataa ni ile ya kutia bolti nene zaidi kwa nguvu, au kuzungushia waya wa shaba.

Matundu mengine yalisafishwa kwa tepu ya mkono na kupulizwa hewa mpaka yakauke. Hili la kukauka lina sababu mbili. Tundu lisilotoboka chini likiwa na mafuta au maji, bolti ikiingia inayasukuma, hayana pa kwenda, yanaweza kupasua alumini na wewe ukidhani umefika torki. Na mafuta kwenye uzi yanapunguza msuguano, torki ile ile ya Nm 20 ambayo kavu inakupa nyutoni 12,500, ikiwa na mafuta inaweza kufika 16,000 na zaidi, yaani umekaza kupita kiasi na spana inakuambia uko sawa. Weka mafuta au gundi ya uzi pale tu maelekezo ya kiwanda yanaposema.

Gasketi mpya, kavu, bila silikoni. Hakuna silikoni kwenye gasketi ya aina hii, ikipakwa inateleza na ndiyo maana ile ya mwanzo ilitoka kwenye njia yake.

Kisha kurudisha, na hapa kuna kitu kidogo kinachosahaulika: kishikio. Manifoldi nyingi zina mguu wa chini unaoishika kwenye bloku ili isitikisike. Ule mguu uachwe legelege mpaka flenji imalizike. Ukiukaza kwanza unaivuta manifoldi kuelekea kwake, bolti za flenji zinaanza kazi ya kupambana na mguu kabla hazijabana gasketi. Bolti zote zinaingizwa kwa vidole, zote, kabla ya yoyote kukazwa, na isiyoingia kwa vidole mizunguko kadhaa usiilazimishe kwa racheti, itoe uangalie. Mashine ya kukazia bolti ya umeme au ya upepo isiingie kwenye kazi hii hata kwa "kuifikisha tu".

Mpangilio ni kutoka katikati kwenda nje kwa kupishana, katikati juu, katikati chini, kisha kulia, kushoto, unaenda unatanuka mpaka pembeni. Duru ya kwanza kugusa tu, kama Nm 5. Duru ya pili nusu ya torki. Duru ya tatu torki kamili. Halafu unarudia duru ya torki kamili tena kwa mpangilio ule ule, na kijana niliyekuwa naye aliuliza kwa nini wakati spana imeshalia kwenye zote. Nikamwambia rudia uone. Akarudia, tatu za katikati zikasogea kabla ya kulia. Ndivyo inavyokuwa, ukibana ya jirani gasketi inashuka zaidi na ile ya mwanzo inapoteza sehemu ya mbano wake, haijalegea kwa kuzunguka ila kilichokuwa chini yake kimepungua unene. Duru ya kurudia ndiyo inayosawazisha.

Namba ya torki ichukuliwe kwenye maelekezo ya kiwanda kwa namba ya chasisi, usichukue kwa rafiki mwenye gari inayofanana. Na uangalie kipimo. Kwenye injini za kimarekani hili linaua watu, mfano 3800 Series II ya GM yenye kompresa ya Eaton M90, ile L67 iliyokuwa kwenye Buick na Pontiac, bolti za manifoldi ya chini ni futi-pauni 11, ambazo ni Nm 15. Kitu kidogo kabisa, mkono wa mtu mzima unazidisha hiyo bila kujua. Kuna vitabu vinaandika inchi-pauni, 89 za inchi-pauni ni Nm 10, na mtu akisoma 89 akadhani ni futi-pauni anakaza Nm 120 kwenye bolti ya M6. Haifiki, inakatika njiani.

Spana ya torki nayo iwe ya saizi ya kazi. Ile kubwa ya nusu inchi ya kukazia nati za tairi, inayoanzia Nm 40, haiwezi kupima 10 wala 20, na hata inayoanzia 20 usiiamini pale kwenye mwanzo wake. Tafuta ya robo inchi au tatu ya nane ambayo torki yako inakaa katikati ya kipimo chake. Vuta taratibu, ikilia mara moja acha, siyo kruk kruk kruk kama unahakikisha, kila mlio wa ziada unaongeza.

Ile bolti ya nyuma chini ndiyo ilihitaji akili. Eksitensheni iliyonyooka haibadilishi torki, tumia ndefu unavyotaka. Joint ya kupinda inabadilisha, kadiri inavyopinda ndivyo inavyodanganya. Na kama inabidi uweke spana ya mguu wa kunguru inayorefusha mkono wa spana ya torki, unapunguza namba: unazidisha torki unayotaka kwa urefu wa spana, unagawa kwa urefu wa spana jumlisha ule wa kiungio. Spana ya milimita 250 na kiungio cha 30, ukitaka Nm 20 unaweka 17.9. Ukikigeuza kiungio kikae pembe mraba na spana huhitaji kubadilisha kitu. Sisi tuliifikia kwa eksitensheni mbili zilizonyooka baada ya kutoa klipu ya nyaya iliyokuwa inaziba njia, kazi ya dakika chache ambayo wa mwanzo hakuiona umuhimu wake.

Baada ya flenji, mguu, kisha mipira na klempu za intakula, yaani kipoza hewa ya kompresa, kila klempu ikae nyuma ya kile kijinundu cha mdomo wa bomba siyo juu yake, na mpira usiwe na mafuta, maana kwenye busti mpira wenye mafuta unateleza unachomoka. Moshi tena kabla ya kuwasha. Hakuna kilichotoka. Tukafuta kodi na tukarudisha mafunzo ya kompyuta sifuri, kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea kuongeza petroli asilimia 20, ukiiacha hivyo itaendelea kumwaga kwa muda gari ikiwa nzima.

Trimu kwenye sailensa ikatulia ndani ya asilimia 3 juu na chini. Barabarani na mzigo ikabaki pale pale, haivuki kwenda popote, ile ssss haipo, kilichobaki ni mluzi wa kawaida wa kompresa ambao mzee alikuwa ameusahau, akaniuliza kama ni ugonjwa mpya. Hapana mzee, hiyo ndiyo sauti yake. Sensa zake za zamani tulizirudisha kwenye gari moja moja, kila moja tukaisoma na mashine, sensa ya hewa ya kwanza inasoma vizuri tu sawa na mpya, ya oksijeni imezeeka kidogo inachelewa kubadilika kwa hiyo ile mpya ikabaki na ya hewa mpya akaiweka kama akiba.

Bolti hatukuzikaza tena baada ya kupata moto. Ile desturi ya "rudi baada ya wiki tukukazie" ilikuwa na maana kwenye gasketi za karatasi na koki ambazo zinaendelea kushuka, kwenye hizi za mpira wenye bushi ukirudia kukaza ikiwa ya moto unaharibu kipimo ulichokiweka baridi. Alichoambiwa arudi nacho ni mpira wa kupumulia wa juu, ule unaotoka kwenye kava ya valvu, haujapasuka ila umeshaanza kuwa mgumu kwenye kona, na huo hauhitaji manifoldi kutoka.